Mpime Mtu kwa Kitenzi, Usimpime kwa Nomino

Kila mwaka jarida letu hutenga kurasa chache kwa somo la lugha. Aghalabu somo hilo huwa la ngeli, la methali au la insha. Safari hii tumechukua ngeli na methali kwa pamoja, tukazipeleka sokoni, kwenye steji ya matatu na hata mahakamani, ili tuone jinsi lugha yetu inavyotusaidia au kutupoteza tunapomhukumu binadamu mwenzetu.

Simama kidogo kwenye steji ya Kitale au katika soko la Chwele kule Bungoma, utege sikio. Hutakosa kusikia maneno kama haya: "Wahindi wote ni wachoyo." "Mzungu hasemi uongo." "Polisi ni polisi tu, hata akiwa ndugu yako." "Mawakili ni waongo, na hawa wa bodaboda ni wezi." Watu husema hivi wakicheka, kisha wakaendelea na safari zao. Lakini je, maneno haya ni kweli? Na kama si kweli, yanaumiza nani? Hebu tuyachunguze.

SARUFI KWANZA

Majina tunayowaita watu huingia karibu yote katika ngeli ya A-WA, lakini hayakupatikana kwa njia moja. Tuyagawe katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni majina ya asili, kama vile Mzungu, Mhindi, Mbukusu, Msabaoti, Mturkana na Mkikuyu. Mtu huzaliwa nalo jina hili. Hakufanya lolote kulipata.

Fungu la pili ni majina ya kazi: mwalimu, daktari, askari, mpishi, mkulima, hakimu. Mtu alisomea kazi hiyo, au aliajiriwa, au alirithi kwa babake. Jina la kazi linatuambia mtu hushinda wapi mchana na hulipwa kwa ajili gani. Halituambii kama mpishi huyo hunawa mikono, wala kama hakimu huyo hupokea hongo.

Fungu la tatu ni majina ya tendo au tabia. Haya hutokana na vitenzi: aibaye ni mwizi, alewaye ni mlevi, achocheaye ni mchochezi, apatanishaye ni mpatanishi. Mtu huyapata kwa kutenda. Ukimwita mwizi mtu ambaye hakuiba, umemwonea.

Sasa, kosa linalofanyika kule steji ni hili: msemaji huchukua jina la fungu la kwanza au la pili akalitumia kana kwamba ni la fungu la tatu. Husema "Mhindi" akimaanisha "mchoyo", au "askari" akimaanisha "mla rushwa". Amehukumu bila kutaja kitenzi hata kimoja. Muulize, "Mhindi yupi? Alikunyima nini? Lini?" Mara nyingi utamwona ameanza kubabaika.

Kuna neno moja la kufurahisha hapa. Wengi hulihusisha jina "Mzungu" na kitenzi -zunguka, kwa sababu wageni wale walionekana wakizunguka huku na huku. Ikiwa ni hivyo, basi jina hilo lilianza kama jina la tendo, likaishia kuwa jina la ngozi. Leo mtoto wa Kizungu aliyezaliwa shambani Trans Nzoia na asiyewahi kutoka huko bado huitwa Mzungu, ingawa hajazunguka popote.

Kabla hatujatoka kwenye sarufi, tazama kiambishi u-. Kutoka kwa mwalimu tunapata ualimu, kutoka kwa daktari udaktari, kutoka kwa askari uaskari. Na kutoka kwa mtu tunapata utu. Ualimu una cheti chake na udaktari una leseni yake. Utu hauna cheti. Hauna hata wingi, hatusemi "mautu". Ni mmoja kwa wote, na hauonekani mpaka mtu atende jambo. Ndiyo maana katika Kiswahili lawama kubwa ni kusema "fulani hana utu", na lawama hiyo inaweza kumpata tajiri, maskini, mweupe, mweusi, mwenye cheo na asiye nacho.

KISA CHA KITALE, 1952

Sasa tutoke darasani twende Kitale ya zamani. Eneo la Trans Nzoia lilikuwa sehemu ya nyanda za juu walizotengewa Wazungu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, wanajeshi wa Kizungu waligawiwa mashamba katika nyanda hizo, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mwafrika alifanya kazi kwenye mashamba hayo akiwa amebeba kipande, yaani cheti chenye alama za vidole vyake, ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kuwa nacho kuanzia miaka ya 1920. Shule, hospitali na hoteli zilitengwa kwa rangi. Kwa ufupi, serikali yenyewe iliwapima watu kwa fungu la kwanza la majina.

Mnamo Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari, ikawakamata viongozi wengi wa Waafrika. Sita kati yao walishtakiwa kwa kuongoza Mau Mau: Jomo Kenyatta, Fred Kubai, Bildad Kaggia, Paul Ngei, Achieng' Oneko na Kung'u Karumba. Kesi haikusikilizwa Nairobi. Walipelekwa mbali, Kapenguria, na mahakama ikawekwa katika jengo la shule. Kapenguria hakukuwa na hoteli ya kuwapokea mawakili, kwa hiyo walilala Kitale na kila siku wakasafiri karibu kilomita 40 kwenda na karibu kilomita 40 kurudi.

Mawakili wa utetezi walikuwa nani? Kiongozi wao alikuwa D. N. Pritt, Mwingereza. Pamoja naye walikuwapo Diwan Chaman Lall kutoka India, H. O. Davies kutoka Nigeria, na Dudley Thompson, Mjamaika aliyekuwa akifanya uwakili Moshi, Tanganyika, na ambaye alikuwa amelitumikia jeshi la anga la Uingereza katika Vita Vikuu vya Pili. Kutoka hapa Kenya walikuwapo Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh, wote wenye asili ya Bara Hindi.

Angalia ilivyokuwa jioni walipofika Kitale. Pritt, kwa kuwa ni mweupe, angeweza kulala na kula katika hoteli ya Wazungu. Wenzake hawakuruhusiwa. Watu waliokuwa wamekaa meza moja mahakamani mchana kutwa hawakuweza kukaa meza moja kwa chakula cha jioni. Hata Thompson, aliyevaa sare ya Mfalme wa Uingereza vitani, alipimwa mlangoni kwa ngozi yake tu. Mwenye hoteli hakuhitaji kumuuliza alifanya nini maishani.

Lakini kule mahakamani, rangi ilitusaidia kujua nani ni nani? Hebu tuhesabu. Aliyesimama kuwatetea washtakiwa alikuwa Mwingereza. Shahidi mkuu wa serikali, Rawson Macharia, alikuwa Mwafrika, tena Mkikuyu kama Kenyatta. Alidai kwamba alimwona Kenyatta akilisha watu kiapo mwaka 1950. Mwaka 1958 Macharia huyo huyo aliandika hati ya kiapo akisema kwamba ushahidi ule ulikuwa wa uongo, na kwamba mashahidi walikuwa wamepewa zawadi. Serikali ikamshtaki kwa hati hiyo, akafungwa. Basi aliyedhani kwamba "mtu wetu" atasema kweli na "mtu wao" atatuumiza, alikosea pande zote mbili.

Jina la kazi nalo halikutusaidia. Ransley Thacker alikuwa jaji mstaafu, akaitwa kuwa hakimu wa kesi hiyo. Mtu husikia "hakimu" akafikiri "haki", maana maneno yenyewe yanafanana kwa sauti. Aprili 8, 1953 Thacker aliwapata wote sita na hatia, akawafunga miaka saba na kazi ngumu. Wanahistoria wameandika kwamba serikali ilimlipa Thacker pauni 20,000 kwa siri. Kwa upande wa pili, ile methali ya steji kwamba "mawakili ni waongo" ingekuwa imewatupilia mbali watu saba walioacha shughuli zao wakaja kusema kwa niaba ya wafungwa.

Leo Nairobi ina barabara iitwayo Denis Pritt. Je, tumalizie hapo, tuseme Pritt alikuwa mtu mwema na somo limekwisha? La, ngoja kidogo. Pritt huyo huyo, mwaka 1936, alikwenda Moscow, akahudhuria kesi ya wapinzani wa Stalin, kisha akaandika akisema ilikuwa kesi ya haki. Leo yajulikana kwamba washtakiwa wale walilazimishwa kukiri, nao wakauawa. Mtu aliyeiona dhuluma Kapenguria hakuiona Moscow. Kwa hiyo ukitaka kumpima kwa haki, itabidi useme mambo mawili: alitetea vyema hapa, alikosea vibaya kule. Kitenzi kimoja hakimmalizi mtu.

Na hivyo hivyo kwa masetla wa Kitale. Hugh Stoneham alikuwa mwanajeshi na mkazi wa Kizungu wa Kitale aliyekusanya wadudu, wanyama na vitabu kwa miaka mingi. Alianzisha makumbusho yake mwaka 1926, na alipofariki mwaka 1966 aliacha mkusanyo huo na fedha za kujengea makumbusho mapya, ambayo ndiyo Makumbusho ya Kitale tunayoyajua. Kitendo hicho ni chema na kinafaa kutajwa. Hakifuti swali la ardhi ya wenyeji, na swali la ardhi nalo halikifuti. Tuyataje yote mawili.

GARIMOSHI LILIPOPITA BUNGOMA, 1972

Tukitoka Kitale tushuke hadi Bungoma, ambako reli ya kwenda Uganda hupita ikielekea Malaba na Tororo. Mnamo Agosti 1972, Rais Idi Amin wa Uganda alitangaza kwamba Waasia waondoke nchini mwake katika muda wa siku 90. Aliwashutumu kuwa wanahujumu uchumi, kwamba ni walanguzi na wafanya magendo. Baadhi yao walikuwa raia wa Uganda, lakini vyeti vya wengi vilikataliwa. Wengine walipanda ndege Entebbe. Wengine walipanda garimoshi, wakavuka mpaka, wakapita reli yetu hii mpaka Mombasa ili wapande meli.

Katika mabehewa yale mlikuwa na wenye maduka, ndiyo. Lakini mlikuwa pia na walimu, madaktari, mafundi, makarani, akina mama na watoto wachanga. Kuna aliyeuza sukari kwa bei ya kuumiza na kuna aliyewakopesha majirani unga mwisho wa mwezi. Tangazo lilikuwa na nomino moja, "Waasia", na wote wakaingia humo.

Haya, walipoondoka, je, magendo yaliisha? Maduka na viwanda viligawiwa wanajeshi na marafiki wa serikali. Uzalishaji wa sukari ukaporomoka, bidhaa zikaadimika. Na miaka michache baadaye, bei ya kahawa ilipopanda duniani mwaka 1976 na 1977, magunia ya kahawa ya Uganda yakawa yanavushwa kwa siri kuja Kenya, na soko la Chepkube, mpakani upande wa Bungoma, likavuma kote. Magendo yalikuwa yamepata wenyewe wapya. Uganda ilifukuza jina, lakini kitendo kilibaki nyumbani.

NENO "MADOADOA"

Msomaji mwingine atasema, "Hayo ni ya Wazungu na Wahindi. Sisi kwa sisi tunajuana." Laiti ingekuwa hivyo! Mnamo Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei huko Nandi, na kabla mwaka haujaisha yakawa yameenea hadi Trans Nzoia na Mlima Elgon, ambao wakati huo ulikuwa katika Wilaya ya Bungoma. Nyumba zilichomwa, watu wakalala makanisani na katika vituo vya biashara. Kamati ya Bunge iliyochunguza, iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, ilitoa ripoti yake Septemba 1992, na ripoti hiyo ikaonyesha kwamba wanasiasa walihusika katika uchochezi.

Katika siku zile neno moja la Kiswahili lilitumika vibaya sana: "madoadoa". Doa ni alama ya uchafu kwenye nguo. Jirani aliyelima shamba lililopakana na lako, ambaye watoto wake wanasoma na wako, aligeuzwa kwa neno moja akawa uchafu wa kuondolewa. Neno hilo lilirudi tena katika ghasia za baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo watu zaidi ya 1,100 walipoteza maisha kote nchini.

Zingatia jambo hili kama mwanafunzi wa lugha. "Doa" si jina la kazi, si jina la kabila, na si jina la tendo. Ni jina la kitu. Kabla ya kumchomea mtu nyumba, mchochezi humtoa kwanza katika ngeli ya A-WA na kumweka katika ngeli ya LI-YA, pamoja na magogo na majani. Ukisikia binadamu akiitwa kwa ngeli ya vitu, jua hatari iko karibu.

Na wala usidhani kabila moja ni kinga. Kati ya 2006 na 2008 Mlima Elgon uliumia tena, na safari hiyo chimbuko lilikuwa ugomvi wa ugawaji wa ardhi katika mradi wa Chebyuk, baina ya koo za Wasabaoti wenyewe. Ukishazoea kuwagawa watu kwa majina, ukimaliza kabila utaingia ukoo, na ukimaliza ukoo utaingia nyumba.

KAZI NAZO

Turudi kwenye fungu la pili. Bodaboda zilianza mpakani Busia, jirani zetu hapa, ambapo vijana wenye baiskeli walibeba abiria na mizigo yao baina ya kituo cha forodha cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita "boda, boda!" Baadaye zikaenea Bungoma, Kitale na nchi nzima, na baiskeli zikaanza kupisha pikipiki. Siku hizi ndizo zinazompeleka mama mjamzito zahanati usiku wa manane barabara ikiwa ya matope.

Kuna wanaoendesha vibaya? Wapo, na hospitali zinajua. Kuna walioshirikiana na wezi? Wapo. Lakini ukisema "wa bodaboda ni wezi", umempa mwizi zawadi. Kwa nini? Kwa sababu amejificha ndani ya neno lako. Mwizi ni mmoja, ana namba ya pikipiki, ana jina. Ulipowalaumu elfu moja, polisi wamtafute nani? Na yule kijana mwaminifu aliyekurudishia mkoba uliousahau, akiona kwamba wizi na uaminifu vyote humletea jina lile lile, atatiwa moyo na nini?

Sifa nazo ni hivyo hivyo. Tunapomwona mtu amevaa koti jeupe, tai, au kola ya kasisi, tunamkabidhi kila kitu bila kuuliza. Matapeli wanalijua hili vizuri. Ndiyo maana tapeli huvaa suti. Aliyekwambia "daktari hawezi kukudanganya" na aliyekwambia "fundi wa viatu hawezi kukufaa" wote wawili wamekufunza ujinga mmoja.

Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi kwa misingi mingi: rangi, kabila, jinsia, dini, umri, ulemavu, lugha, hata mavazi. Kazi haikutajwa kwa jina katika orodha ile. Basi heshima ya mfagiaji, ya kondakta na ya mlinzi wa usiku imeachiwa zaidi ulimi wangu na wako.

METHALI ZINAPOPINGANA

Mtahini akikuuliza, usikimbilie kusema kwamba methali zote ni kweli kila mahali. Kila methali ina mahali pake.

"Samaki mmoja akioza, wote huoza." Katika tenga la samaki ni kweli, maana wamegusana na hawana hiari. Methali hii ilikusudiwa kuonya kikundi kijihadhari na mwenzao mbaya mapema. Haikusudiwi kutumiwa na mtu wa nje kumtupa kila samaki ziwani.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kwa nyoka, sawa. Kwa binadamu, angalia mtaani kwenu: mlevi wangapi wamezaa watoto wasioonja pombe, na wacha Mungu wangapi wamelia kwa sababu ya wana wao?

Upande wa pili tuna "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti." Mkakasi ni kikasha kilichopambwa nje. Ukikifungua, ndani ni mti tu. Methali hii yatwambia tufungue kabla ya kusifu. Tuna pia "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Tazama ilivyojengwa: haikusema Mbukusu, wala Mzungu, wala mwalimu. Imeanza na kitenzi, -faa, ikamalizia na jina. Mtu kwanza amekufaa, ndipo ameitwa rafiki. Hicho ndicho kipimo tunachokitafuta tangu mwanzo wa makala haya.

SWALI LA MWENYE SHAKA

Najua kuna msomaji anayeguna. Atasema, "Maneno matamu, lakini mimi nikikutana na kundi la vijana gizani nisiwaogope? Nikimkopesha mgeni pesa nisiulize anatoka wapi?" Swali zuri. Tutofautishe tahadhari na hukumu. Tahadhari ni kufunga mlango usiku, na unaufunga kwa kila mtu, si kwa kabila moja. Hukumu ni kusema "huyu ni mwizi" kabla hajaiba. Tahadhari hukulinda wewe bila kumvunjia mwingine jina. Ukitaka kumkopesha mgeni, uliza alilipaje mkopo wa mwisho. Swali hilo lina kitenzi, nalo litakufaa kuliko kuuliza kabila lake.

Mwingine atasema, "Lakini ukoloni ulikuwa wa Wazungu. Tusiseme?" Tuseme, tena kwa sauti. Lakini tuseme kwa vitenzi: serikali ya kikoloni ilichukua ardhi, ilitenga hoteli, iliwavalisha watu vipande, ilifunga watu kwa ushahidi wa kununuliwa. Ukitaja matendo, hakuna mkosaji anayeponyoka na hakuna asiyehusika anayebebeshwa mzigo. Ukitaja rangi tu, Thacker na Pritt watakuwa kitu kimoja.

MAZOEZI

Jaribu haya ukiwa na mwenzako, kisha mpeleke majibu kwenye kikao cha chama.

1. Yagawe majina haya katika mafungu matatu: mchungaji, Mnandi, mfitini, mhunzi, Mgoa, mkarimu, karani, mchochezi. (Angalizo: moja linaweza kuingia mafungu mawili. Lipi, na kwa nini?)

2. Andika upya sentensi hizi kwa kutaja mtu mmoja na kitendo kimoja. Mfano: "Makondakta hawana adabu" itakuwa "Kondakta wa matatu niliyopanda jana alimsukuma bibi mzee." Sasa wewe: (a) Wenye maduka hudanganya. (b) Walimu hawajali. (c) Watu wa mjini ni wajanja.

3. Baada ya kuziandika upya, jiulize: ni ngapi ambazo kweli uliziona kwa macho yako, na ni ngapi uliambiwa tu? Hili usimwonyeshe mtu. Libaki lako.

4. Tunga methali mbili zinazopingana kuhusu jambo moja, kisha ueleze kila moja ina mahali gani.

5. Mjadala: "Kusifu kabila au kazi nzima ni kosa sawa na kuilaumu." Unga mkono au pinga.

TAMATI

Mwanachama mwenzangu, sote tutamaliza shule na kutawanyika. Mmoja ataajiri wafanyakazi, mwingine ataketi kwenye kamati ya kugawa basari, mwingine atakuwa mzee wa kijiji siku ambayo fujo zitakuwa zinanukia na vijana wamekusanyika wakingoja neno moja kutoka kwake. Siku hiyo hakuna atakayekuuliza ngeli. Lakini mtu atasema mbele yako, "Hawa watu wako hivi," na itakubidi ujibu. Uliza basi, kwa upole kama mtu anayetaka kuelewa: "Nani? Alifanya nini? Ulimwona?"

Maswali hayo matatu ni mafupi, na yana Kiswahili rahisi. Kule Trans Nzoia na Mlima Elgon mwaka 1991, lau yangeulizwa na watu wengi zaidi na mapema zaidi, huenda baadhi ya nyumba zingalisimama hadi leo.